Wanaume wa ndoano na upweke wasioutaja

Mama mmoja wa hapa Songea ameniletea swali ambalo nimelifikiria wiki nzima. Mumewe amestaafu utumishi wa umma akiwa na miaka 60. Tangu mvua zilipokatika na mahindi kuvunwa, mzee huamka alfajiri, huchimba nyungunyungu nyuma ya jiko, huchukua ufito wake wa mwanzi na ndoo ndogo, halafu hushika njia ya mtoni. Jioni hurudi na perege wawili, siku nyingine hana kitu. Samaki sokoni wapo, na hela ya kuwanunua haijawashinda. "Daktari, huu si ugonjwa kweli?" ameuliza.

Kwenda kuvua si ugonjwa. Lakini nilimrudishia swali: akifika huko mtoni, anakaa na nani? Hakujua. Nadhani hata mzee mwenyewe angeulizwa, angejibu "na wenzangu" au "peke yangu" bila kulitilia maanani, kama mtu aliyeulizwa ndoo yake ina rangi gani. Kwa daktari majibu hayo mawili yana tofauti kubwa, na hiyo ndiyo sababu ya makala ya leo.

Wanaume wanaovua kwa kujiburudisha hawana hata jina mjini kwetu. Mvuvi tunayemjua ni yule wa Ziwa Nyasa, kule Mbamba Bay, Liuli au Lituhi, anayevua ili watoto wale na waende shule. Huyo ana wenzake. Mtumbwi una watu, wavu unavutwa na watu, na usipa huvuliwa usiku kwa taa na kundi zima. Akikosekana siku moja kazi inalegalega, na watu wanauliza yuko wapi. Ninayemzungumzia leo ni mwingine: mwalimu mstaafu, karani, fundi cherehani, askari aliyemaliza muda wake, mwenye duka aliyewaachia vijana kaunta. Anavua kwa mshipi mmoja na ndoano moja, kando ya Luhira, au kando ya Ruvuma ambao chanzo chake tunakitazama kila asubuhi kule milima ya Matogoro, au kwenye bwawa la jirani aliyefuga samaki. Wachache wenye gari huchangishana mafuta mara moja moja wakapitia Mbinga hadi Mbamba Bay, kilomita kama 170, kwa kuwa sasa lami imefika.

Huyu akikosekana, hakuna kazi inayolegalega.

Kiswahili kimetupa neno upweke, nalo limebebeshwa mizigo miwili. Mtu aliye peke yake tunamwita mpweke, na mtu anayeumia kwa kukosa wenzake tunamwita mpweke pia. Sisi madaktari inatubidi tuitenge mizigo hiyo. Kukaa peke yako kando ya maji kwa saa tatu, simu haishiki mtandao, hakuna anayekudai ada wala mchango wa harusi, kunaweza kuwa mapumziko mazuri kuliko mengi. Hali ya pili ndiyo ile wazee waliyoiita ukiwa. Ni pengo kati ya watu ulio nao na watu unaowahitaji. Mwanaume anaweza kuishi na wajukuu sita akawa mkiwa, na mwingine akapanga chumba kimoja Lizaboni, hana ndugu hata mmoja mjini, asiwe mkiwa. Kuhesabu vichwa nyumbani hakukupi jibu.

Wengi tumekua tukiamini kwamba haya ni maradhi ya Wazungu. Sisi tuna undugu, tuna misiba, tuna majirani wanaoingia bila kubisha hodi. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani (WHO) imetikisa imani hiyo. Shirika hilo liliunda Tume ya Uhusiano wa Kijamii mwishoni mwa mwaka 2023, ikiongozwa kwa pamoja na Vivek Murthy, aliyekuwa daktari mkuu wa Marekani, na Chido Mpemba, aliyekuwa mjumbe wa vijana wa Umoja wa Afrika. Ripoti yao ilitolewa Juni 30, 2025. Inasema mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba upweke unahusishwa na vifo vipatavyo 871,000 kila mwaka, kama vifo 100 kila saa. Katika nchi za kipato cha chini, asilimia 24 ya watu walisema ni wapweke. Katika nchi tajiri ilikuwa asilimia 11 hivi. Tanzania tumo kwenye kundi la kipato cha kati cha chini, kwa hiyo siwezi kuzichukua asilimia hizo nikasema ni zetu. Ila yule anayesema Mwafrika hajui upweke, sasa ana kazi ya kuthibitisha.

Ukiwa unauaje? Mwili wa binadamu umeumbwa kuishi katika kundi. Ukijiona umeachwa, unakaa macho kama mlinzi wa usiku. Homoni za wasiwasi, hasa kotisoli, zinabaki juu saa ambazo zingetakiwa kushuka. Usingizi unakatika katika. Mishipa ya damu inakaza, presha inapanda, na ule uvimbe mdogo wa ndani usioonekana kwa macho, ambao hushiriki kuharibu mishipa ya moyo na ubongo, unaendelea polepole. Mwaka 2016 watafiti walikusanya tafiti zilizofuatilia watu kwa miaka. Wale wenye uhusiano duni na wenzao walikuwa na hatari ya ugonjwa wa moyo iliyozidi kwa asilimia 29, na ya kiharusi kwa asilimia 32. Kabla ya hapo, mwaka 2010, Julianne Holt-Lunstad wa Marekani na wenzake walijumlisha tafiti 148 zenye watu zaidi ya 300,000, wakaona kwamba wenye uhusiano imara walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuwa hai mwisho wa ufuatiliaji, kwa asilimia 50, kuliko wale wasio nao. Tafiti hizo nyingi zimefanyika nchi tajiri. Mishipa ya damu ya mtu wa Mfaranyaki, hata hivyo, haina tofauti na ya mtu wa Chicago.

Halafu kuna njia ya pili, ambayo naiona zaidi katika chumba changu kuliko hiyo ya homoni. Mtu asiye na mtu hali vizuri. Anapika ugali mara moja kwa siku na kuula mara tatu. Hatoki. Anakunywa. Dawa anameza akikumbuka.

Tazama foleni ya kliniki ya presha na kisukari. Mwanamke huja na binti, au na shoga yake wa kikoba, na wakati anasubiri tayari amejua habari za watu watatu waliokaa naye benchi moja. Mwanaume huja peke yake, hukaa mwisho wa benchi, hutazama simu. Akija na mtu, mtu huyo ni mke wake. Mama zetu wana vikoba, kwaya na jumuiya, na ukifika msibani utawakuta wamezunguka sufuria moja wakimenya viazi na kuzungumza. Mara nyingi mke ndiye anayebeba uhusiano wa nyumba nzima: anajua namba ya simu ya shemeji, anakumbuka mtoto wa nani anaoa, ndiye anayesema "twende tukamwone fulani, anaumwa". Akifariki, mume hapotezi mke tu. Anapoteza daftari lote la watu. Ndiyo maana tafiti za miaka mingi zimeonyesha kwamba hatari ya kufa hupanda katika miezi ya mwanzo baada ya mtu kufiwa na mwenzi.

Urafiki wa wanaume walio wengi umefungwa kwenye kazi. Walimu wawili wakifundisha shule moja miaka 20, watajuana hadi mwendo wa viatu kwenye korido. Waulize mara ya mwisho kuambiana jambo la moyoni ni lini, watacheka. Hawakuhitaji, kwa sababu kengele ilikuwa inawakutanisha. Mmoja akihamishwa au akistaafu, kengele imekatika, na wote wawili hawajui kupiga simu kwa ajili ya "kukusalimia tu". Mwanaume akikupigia simu bila shida maalumu, wewe mwenyewe unaanza kuuliza: kuna nini?

Zamani mikoani kwetu ziliwekwa kengele nyingine. Wangoni walikuwa na lizombe, na kule Nyasa na Umatengoni kulikuwa na mganda, ngoma ya wanaume yenye mavazi yake, safu zake na vyeo vyake kama jeshi. Bado zipo, tunaziona kwenye sherehe. Lakini ni wanaume wangapi wa mjini wenye miaka 60 ambao wana kikundi cha mazoezi wanachotegemewa? Bao bado lipo chini ya miti kadhaa, nalo ni zuri. Kwa wengi waliobaki, mahali palipo na uhakika wa kumkuta mwanaume mwenzako jioni ni kilabuni.

Hapa inabidi niseme wazi jambo ambalo sisi wahudumu wa afya hatulisemi. Namwambia mgonjwa wa presha aache komoni, ulanzi na bia. Naandika kwenye kadi, natia sahihi, namwita anayefuata. Kwa maneno hayo hayo nimemwambia aache marafiki zake. Kilabu kina kiingilio, na kiingilio ni kunywa. Mtu hawezi kwenda kila jioni akaagiza maji, wenzake wakamwacha hivi hivi. Siku ya tatu watamwita mlokole au mgonjwa. Kwa hiyo ana njia mbili: arudi kwenye pombe, au akae nyumbani na redio. Wengi hurudi, na sisi tunawaita wakaidi. Simlaumu. Mtu akiambiwa achague kati ya mishipa yake ya damu ambayo haioni na watu wanaomwita kwa jina anapoingia mlangoni, nani hajui atachagua nini? Pombe ina madhara, sitalipunguza hilo hata kidogo. Lakini ukiondoa nguzo lazima uweke nyingine.

Ndiyo maana siwacheki wanaume wa ndoano. Wamejitafutia nguzo bila kuambiwa na mtu. Angalia uvuvi ulivyo. Mnakaa hatua tatu tatu, wote mnatazama upande mmoja, majini. Hakuna anayemkodolea mwenzake macho. Mikono ina shughuli: kuweka chambo, kurekebisha chubwi, kuvuta mshipi na kuurusha tena. Kimya kinaruhusiwa, hata nusu saa, na hakuna anayeuliza "mbona umenyamaza". Katika hali hiyo mwanaume anaweza kusema, macho yakiwa kwenye boya, "Yule kijana wangu wa mwisho ananisumbua sana," na mwenzake akajibu baada ya dakika mbili. Maneno hayo hayasemwi mezani kwangu, tukiwa tumetazamana, nikiwa nimevaa koti jeupe.

Australia waliliona hili zamani. Tangu miaka ya 1990 kule kuna karakana za wanaume, mahali ambapo wastaafu hukutana kuchonga mbao na kutengeneza viti vilivyovunjika. Husema kwamba wanaume hawazungumzi uso kwa uso, huzungumza bega kwa bega. Uingereza, baadhi ya madaktari huwaelekeza wagonjwa wenye sonona na wasiwasi kwenye vikundi vya uvuvi wa ndoano, na mwaka 2023 ulichapishwa huko utafiti wa wanaume zaidi ya 1,700 wanaovua kwa burudani, ambapo waliovua mara kwa mara walionekana kuwa na afya bora ya akili kuliko waliovua mara chache. Nauchukua kwa tahadhari. Mtu mwenye sonona hana nguvu za kutoka kitandani, sembuse kwenda mtoni, kwa hiyo huenda ni afya inayowapeleka watu kuvua, si uvuvi unaowapa afya. Pengine ni yote mawili.

Mfano wa karibu zaidi na sisi uko Zimbabwe. Daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha bibi wa mitaani Harare kusikiliza watu wenye mawazo, wakikaa nao kwenye benchi nje ya zahanati. Matokeo ya majaribio yao yalichapishwa Desemba 2016 katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani, na yalikuwa mazuri: dalili za sonona zilishuka sana. Mradi huo naupenda. Lakini nilipoangalia washiriki, kati ya 573 waliojaribiwa, zaidi ya wanane kati ya kila kumi walikuwa wanawake. Benchi lilikuwepo na bibi alikuwepo, wanaume ndio hawakuja kwa wingi. Pengine benchi lao liko mahali pengine, karibu na maji au chini ya gari bovu.

Sasa nieleze kisa kimoja. Nimebadilisha mambo machache ili mwenyewe asitambulike.

Alikuwa mwalimu mstaafu. Mkewe alishafariki, watoto wako Dodoma na Dar es Salaam, na kila mwisho wa mwezi hela inaingia kwenye simu. Presha yake ilikuwa 170 kwa 100 ingawa alikuwa na dawa mbili za kutosha. Nikamwomba aje na vifuko vyake vya dawa. Alivileta vimejaa. Sikumfokea, nilimuuliza tu kama huwa anasahau. Akasema, "Binti yangu, sisahau. Nikimeza au nisipomeza, nani anahesabu?"

Baada ya miezi kadhaa presha ikaanza kushuka, 150, kisha 138. Sikuwa nimebadilisha dawa. Alikuwa ameanza kwenda kuvua na wanaume wengine wanne kila Jumamosi, na mmoja wao ana presha pia. Saa mbili asubuhi huyo mwenzake hutoa vidonge mfukoni, naye hutoa vyake, wanameza pamoja kwa chai ya chupa. "Tunashindana," aliniambia.

Jumamosi moja hakutokea. Wenzake wakasema labda amesafiri kwa watoto. Jumapili mmoja akapiga simu, haikupokelewa. Jumatatu akaingiwa na wasiwasi, akawatafuta wenzake wamfuate nyumbani, ndipo walipogundua kwamba hakuna anayekujua nyumbani kwake. Walikuwa wamekaa bega kwa bega mwaka mzima. Walijua anapenda chambo gani, walijua ana hasira akikosa samaki, walijua kikohozi chake. Jina walijua moja tu, Mwalimu. Ikabidi wazunguke vijiwe vya bodaboda hadi wakampata kijana aliyewahi kumbeba na ndoo yake. Walimkuta sakafuni, upande wa kulia umelegea, hawezi kusema. Walipomfikisha hospitali na karani wa mapokezi kuuliza jina kamili la mgonjwa, wanaume wale wanne walitazamana.

Alipona, kwa kiasi. Anatembea na fimbo, maneno yamerudi, mkono wa kulia haujarudi wote. Kiharusi ni ugonjwa wa saa: mdomo ukienda upande, mkono mmoja ukalegea, maneno yakavurugika, mtu apelekwe hospitali wakati huo huo, si kesho, wala si baada ya kumwita mganga wa kienyeji. Yeye alikaa sakafuni karibu siku mbili. Mtu aliyelala hivyo bila maji anapata vidonda vya kulalia, homa ya mapafu na figo kuchoka, juu ya kiharusi chenyewe. Bila wale wanne angekaa zaidi. Lakini wangejua nyumba yake, wangefika Jumamosi ile ile.

Kwa hiyo uvuvi, au bao, au karakana, unampa mwanaume nusu ya kwanza, yaani mahali pa kwenda na watu wa kukaa nao bila kulazimika kujieleza. Nusu ya pili haiji yenyewe hata mkikaa miaka mitano. Lazima mtu mmoja avunje ukimya na kuuliza vitu vya kawaida kabisa. Unaitwa nani kwa ukamilifu wako? Unakaa wapi? Namba ya mwanao ni ipi? Una ugonjwa gani, unameza dawa gani? Wale wanne sasa wameandika hayo yote kwenye karatasi na kuigandisha kwa gundi ndani ya kifuniko cha kopo la ndoano. Mzee amerudi nao. Ndoano anafungiwa na mwenzake, na anavua kwa mkono wa kushoto, vibaya sana kwa maelezo yao.

Tangu hapo, mwanaume mwenye umri mkubwa akija kwangu na presha isiyoshuka, simuulizi "una mawazo?" Atasema hapana. Kuna maswali matatu mafupi yanayotumiwa na watafiti wengi duniani: ni mara ngapi unajiona umekosa mtu wa kuwa naye, ni mara ngapi unajiona umeachwa nje ya mambo, na ni mara ngapi unajiona umetengwa na wenzako. Majibu ni karibu kamwe, baadhi ya nyakati, au mara nyingi. Nayatumia. Lakini linalonipa jibu la haraka ni la kwangu mwenyewe: usipoonekana siku mbili, nani atakuja kugonga mlango? Wengine hutaja jina papo hapo. Wengine hutazama dirisha.

Anayetazama dirisha simwambii "jichanganye na watu". Ushauri huo hauna maana kwa mtu asiyejua aanzie wapi. Namuuliza alikuwa anapenda kufanya nini kwa mikono kabla hajawa mtu mzima. Kisha tunatafuta siku. Siku iliyotajwa ni muhimu kuliko shughuli yenyewe: Jumamosi saa moja asubuhi, mahali fulani, na fulani. "Tutaonana siku moja" ni namna ya kistaarabu ya kuagana. Na kwa anayeona aibu kwenda mikono mitupu, uvuvi una faida moja kubwa, ufito ni tiketi. Hakuna anayekuuliza umekuja kufanya nini.

Watoto mlio mbali, hela ya mwezi endeleeni kuituma. Lakini muulizeni baba jina la mtu mmoja anayekaa naye, na namba ya mtu huyo muwe nayo. Usimwombe baba aje kukaa kwako Dar es Salaam kama hajataka. Nimeona wazee waliohamishiwa mjini kwa upendo, wakafungiwa ndani ya geti pamoja na televisheni, mtu pekee wanayesalimiana naye mchana ni dada wa kazi.

Kwa wanaokwenda majini, nami ni daktari, siwezi kuacha kusema haya. Msisimame ndani ya maji yaliyotulia yenye majani na konokono, hasa mabwawani na pembezoni mwa ziwa, kwani humo ndimo mnamopata kichocho. Vaeni buti, na mkiona damu kwenye mkojo au choo njooni mpimwe, dawa ipo. Kwenye Ruvuma, mahali penye mamba au viboko wenyeji wanapajua. Waulizeni kabla ya kukaa. Jioni mbu wa malaria wameshaamka, kwa hiyo mikono mirefu na suruali. Ndoano ikiingia kidoleni hadi kupita kile kijino chake, usiing'oe kwa nguvu, njoo itolewe na uchomwe sindano ya pepopunda. Mwenye kisukari abebe kitu cha kula. Atakayepanda mtumbwi avae boya la kujiokoa, hata kama anajua kuogelea. Na ofisa uvuvi wa halmashauri atawaeleza ni wapi panaruhusiwa na kibali kinahitajika lini, maana vyanzo vya maji ya mji haviwezi kugeuzwa kijiwe.

Kuna mpaka mmoja wa kuangalia. Mto unaweza pia kuwa maficho. Mwanaume anayekwenda kuvua akarudi ametulia, akala, akalala, muacheni, hata akirudi na ndoo tupu. Lakini kama zamani alikwenda na wenzake na sasa anachagua mahali ambapo hawapo, kama amekonda, anaamka saa tisa usiku na kukaa gizani, hafurahii tena hata samaki akinasa, anagawa vitu vyake, au anasema maneno kama "mtapumzika na mimi siku si nyingi", na hali hiyo imezidi wiki mbili, hapo hatuzungumzii burudani wala upweke tena. Inaweza kuwa sonona, na sonona hutibiwa, kwa mazungumzo na kwa dawa. Wanaume hufa kwa kujiua zaidi ya mara mbili ya wanawake duniani, na wengi wao hawakuwahi kumwambia mtu. Kumuuliza moja kwa moja kama amefikiria kujiua hakumpi wazo hilo. Kwa kawaida humpa nafasi ya kupumua. Muulize, usimwache peke yake siku hiyo, na umlete hospitali wewe mwenyewe. Akigoma kuja kwa ajili ya "mawazo", mwambie mnakuja kupima presha. Tutaanzia hapo.